Jina Asilolitaja Kingori

Ukitaka kumuudhi Wachuka wa pale juu ya Karatina, msifie marehemu. Si marehemu yeyote tu, bali mmoja, Ngendo, mke wa kwanza wa mumewe, aliyekufa akiacha mtoto wa kiume aitwaye Moffat na shamba la kahawa lililopandwa kwa mistari iliyonyooka hadi mtoni. Wachuka hakuwahi kumwona Ngendo kwa macho. Hawakuwahi kugombania hata sufuria. Lakini alimwonea wivu tangu siku ya kuolewa, wivu wa kuamka nao na kulala nao, na wala hakuona haya. Mke mwenza aliye hai utamtukana, atakutukana, yatakwisha. Huyu hakujibu, hakuzeeka, wala hakuwahi kuunguza chakula. Wachuka hakuwa akimtaja hata kwa jina. Alimwita "yule."

Na hapo kwenye majina ndipo palipokuwa na kidonda chenyewe. Mama yake Ngendo naye aliitwa Wachuka. Ni jina la kawaida, wamejaa tele huko, na hakuna aliyelitazama mara mbili Wachuka wetu alipoletwa nyumbani akiwa bibi harusi. Lakini mumewe, Kingori, alikuwa amelelewa na watu wa zamani, na kwa watu hao mwanamume hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Humheshimu, humpisha njia, na jina lake huliachia vinywa vya wengine. Vijana wa leo hawana habari na mambo hayo, lakini Kingori alikuwa nayo kwenye damu. Basi alipooa mara ya pili akajikuta ameoa jina asiloweza kulisema. Akaanza na "wewe," akaenda na "sikia hapa," na Lynn alipozaliwa akashusha pumzi, akamwita mkewe Mama Lynn, ikawa basi.

Utasema kuna jina la ubatizo. Lilikuwepo, Beth, lakini lilikaa kanisani pamoja na viti. Ukimwita Beth sokoni, alikouza nduma zake, yaani magimbi, hageuki.

Wifi yake ndiye aliyemweleza sababu, katika wiki zile za kwanza za ndoa, akidhani anamliwaza. "Usiskie vibaya. Hawezi kukuita. Hiyo ni jina ya mama mkwe wake." Wachuka aliitikia kwa kichwa, akaenda jikoni, akalifikiria jambo hilo mpaka maharagwe yakakaukia jikoni. Aliwaza hivi: mama mkwe mwenyewe amekwisha kufa, na binti yake pia, na bado jina haliguswi. Mtu huwa mkwe wa watu kwa sababu ana mke kwao. Kwa hiyo huyu mume wangu bado ana mke, na si mimi. Kuanzia hapo, kila alipoitwa Mama Lynn, alisikia jambo hilo likisemwa upya.

Hata binti hakumsaidia. Lynn alipewa jina la mama yake Kingori, Wakiuru, kama ilivyo desturi, na baba mtu akawa akimwita "maitu," mama yangu, kwa sauti laini hata akiwa anamgombeza. Moffat naye alimwita Wachuka "tata," yaani shangazi, kwa adabu zote, na hakuwahi kuteleza akamwita mama. "Katika nyumba hii," Wachuka alikuwa akimwambia Magdaline, jirani yake wa meza ya vitunguu pale sokoni, "kila mtu ana jina isipokuwa mimi. Hata ng'ombe anaitwa."

"Wewe unapenda kujiumiza," Magdaline humjibu. "Mzee hakupigi, hanywi, anakuletea kuni. Unataka nini tena?"

Alitaka kuitwa. Si zaidi ya hapo.

Kingori alikuwa amefanya kazi ya kupima kahawa kiwandani hadi akastaafu, na baada ya hapo kazi yake ikawa ile mistari ya Ngendo. Aliipogoa, akaipalilia, akaizungumzia mezani. Sasa miaka hii watu wa huko wameshikwa na avokado. Ukipita barabarani utaona kahawa iliyong'olewa imelala pembeni ikisubiri kuwa kuni. Moffat, anayefanya kazi mjini Nyeri, alikuja Jumamosi moja na wazo hilo, akilisema taratibu, kwa kumwogopa baba yake. Angeachwa peke yake angelisema mara moja na kunyamaza. Lakini Wachuka alilidaka. Alilipigia debe asubuhi na jioni. Kahawa imezeeka, kahawa haina faida, kahawa inakula dawa tu. Yote hayo yalikuwa na ukweli wake, na yote alikuwa akiyasema kwa sababu nyingine. Alitaka kufungua dirisha asubuhi asimwone yule amesimama pale kwa mistari hadi mtoni.

Mwishowe Kingori akasema, "Sawa. Nyinyi ndio mnajua." Wachuka akafurahi, Mungu amsamehe. Vijana wakaja na majembe na minyororo, wakang'oa mistari yote. Mzee alisimama uani kofia mkononi mpaka shina la mwisho likalala, kisha akaingia ndani na kujilaza na viatu vyake.

Baada ya hapo akazimika. Sisemi alikufa. Alikuwa anavuta pumzi, anavaa, anakaa kwenye kiti nyuma ya nyumba. Lakini kanisani aliacha kwenda, na kwa wazee wenzake wa kucheza draft pale dukani aliacha kwenda pia. Sahani ya githeri aliirudisha ikiwa imejaa mahindi na maharagwe yake. Usiku hakulala, mchana alisinzia. Ukimuuliza kitu, jibu lilikuwa lile lile: "Sijui." Fimbo yako iko wapi? Sijui. Moffat amepiga simu? Sijui. Utakula nini? Sijui.

Mwanamke mwingine angeogopa. Wachuka alikasirika. Alimtazama kupitia mlango wa jikoni huku amekunja uso, akijiuliza mtu mzima huyu analilia miti au anamlilia mwenye miti. "Mimi nikifa," alimwambia Magdaline, "hatakosa hata kikombe kimoja cha chai. Lakini kwa yule, ona, ameacha kula!" Na hasira ilipompanda sana alimwekea mzee chakula mbele yake bila neno na kumwondolea bila neno. Wakawa wawili wasiosema katika nyumba moja.

Lynn, aliyekuwa mwalimu Nanyuki, ndiye aliyestuka. Alikuja likizo, akamuuliza baba yake maswali mawili matatu, akatoka nje na kumwambia mama yake, "Mum, dad anasahau. Hii si kawaida. Lazima aende hospitali."

Wakaenda Nyeri. Daktari alikuwa kijana mpole kutoka upande wa Meru, jina lake Koome, mwenye tabia ya kuegemeza kidevu kwenye ngumi anaposikiliza. Alimsalimia mzee kwa heshima, akimwita guka, yaani babu, akaanza kumuuliza.

"Guka, leo ni siku gani?"

"Sijui."

"Na mwezi?"

"Sijui."

"Hapa tuko wapi?"

"Hospitali."

"Sawa kabisa. Na huyu mama umekuja na yeye, jina yake ni nani?"

Kingori alimtazama mkewe, akatazama kofia yake. "Ni Mama Lynn."

"Hiyo niko nayo, guka. Nataka jina yake mwenyewe."

Mzee aligeuza kofia mkononi, akaigeuza tena. Midomo ilifunguka kidogo, ikafungika. Koome alisubiri kwa subira, kisha akaandika.

Wachuka alijua. Yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyejua kwamba mzee hakusahau kitu. Ilimpasa kufungua mdomo na kusema: daktari, anajua, ila ni jina la mama wa mke wake. Lakini jisikie wewe ukisema maneno hayo. Mama wa mke wake. Na wewe uliyekaa hapa umemshika mkono, umevaa kitambaa cha Jumapili, wewe ni nani basi? Alitazama dirishani, akanyamaza.

"Mama, inaonekana ni ile kusahau ya wazee," Koome alisema. "Lakini sijamaliza. Umrudishe tumpime vizuri. Kwa sasa asitembee mbali peke yake."

Wachuka hakumrudisha. Alirudi nyumbani na neno moja tu, kusahau, na neno hilo likatembea kijijini kuliko habari za chifu. Watu wakaanza kumpigia mzee kelele kana kwamba ni kiziwi. Moffat akampokonya panga. Majirani wakawa wakimzungumzia akiwa amekaa hapo hapo: maskini, alikuwa mtu wa akili. Kingori aliwaacha. Suruali ikaanza kumning'inia kiunoni.

Kisha ikaja siku ya mahindi. Wachuka alikuwa ameyaanika uani, na mzee alikuwa kwenye kiti chake, amefumba macho. Bila kuyafumbua akasema, "Peleka hayo mahindi posho mill leo. Kesho ni Jumatano, stima itapotea mpaka jioni. Walitangaza."

Wachuka alisimama na ungo mkononi. Walikuwa wametangaza, kweli, redioni, wiki iliyopita, kwamba umeme utakatika, na yeye alikuwa amesahau.

"Unajua leo ni Jumanne?"

"Najua."

"Mbona kwa daktari ulisema hujui?"

Kingori alifikiri, kama mtu anayetafuta jibu mbali sana. "Angefanya nini na hiyo siku?" Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuzungumzia mahindi, "Mama Lynn, nimechoka. Nikilala nisiamke, mtapumzika wote."

Ungo ulimponyoka. Wivu ni kitu kizito, lakini haujawahi kumfanya mwanamke huyu atake kubaki bila mtu wa kumwonea. Alimpenda yule mzee. Alimpenda mpaka akamchukia marehemu kwa ajili yake. Siku hiyo hakumwacha peke yake hata kidogo. Alilala akiwa ameshika mkono wa koti lake, na kulipokucha wakawa njiani kwenda Nyeri.

Safari hii aliongea. Alimwambia Koome kuhusu kahawa, aliyeipanda, aliyeing'oa na aliyechochea. Alimwambia kuhusu Jumatano na stima, na maneno yale ya kulala na kutoamka. Koome aliegemeza kidevu kwenye ngumi, asimkatize. Alimpeleka mzee chumba kingine, wakazungumza wawili peke yao kwa muda mrefu, kisha akarudi.

"Mama, mzee hajapotea akili. Yuko na huzuni ya ndani sana, ile tunaita depresheni. Inakula nguvu, inakula usingizi, mpaka mtu anaona hata kujibu ni kazi bure. Ukimwangalia haraka utasema amesahau. Hata mimi karibu nikosee."

"Ni kwa sababu ya kahawa?"

"Kahawa inaweza kuwa imefungua mlango. Lakini mara nyingi si kitu moja. Mtu ameacha kazi, wenzake wamekufa, mwili umechoka. Usijibebeshe yote." Akavuta kiti karibu. "Inatibika. Lakini sitakudanganya. Mtu mzima akipata hii, kuna hatari kubwa kidogo kwamba baadaye akili itaanza kusahau kweli kweli. Si wote. Wengine wanapona na hakuna kitu inafuata. Na hata wenye kusoma sana hawajui vizuri kama ni huzuni inaleta kusahau, ama ni kusahau inatuma huzuni itangulie. Kwa hivyo tunamtibu, halafu tunaendelea kumwangalia. Wewe ndiye unaishi na yeye. Ukiona kitu imebadilika, hata ndogo, kitu hajawahi kufanya maisha yake yote, uniletee habari."

"Nitakuletea," Wachuka alisema. Habari ya jina hakuigusa. Alikuwa amekwisha kutoa mengi siku hiyo, na hilo moja alilibakiza.

Mzee alimeza vidonge, na kila baada ya wiki kadhaa alikwenda kuzungumza na mama mmoja mshauri wa pale hospitalini. Haikuwa miujiza. Kwanza ulirudi usingizi, kisha sahani zikaanza kurudi tupu. Moffat alirudisha panga. Na Wachuka, siku moja ya soko, alikata mauzo katikati, akamwachia Magdaline nduma zake, akaenda kununua miche ya kahawa. Aliibeba mwenyewe ndani ya beseni mpaka nyumbani na kuitua mbele ya kile kiti. "Nionyeshe," alisema, "maana mimi sijui."

Walipanda mistari michache kando ya avokado za Moffat. Mistari yake Wachuka ilikwenda upande kama njia ya mlevi. Kingori aliitazama, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu majembe yalipokuja. "Huyo mwingine alikuwa anavuta kamba," alisema.

"Basi mfufue aje na kamba yake!"

Akacheka zaidi, mpaka akajishika kiuno. Na Wachuka naye akacheka, ingawa roho ilimuuma kidogo, kwa mazoea tu.

Wakapata miaka mizuri. Kahawa ile ya upande ilizaa, mzee akarudi kwa wenzake wa draft, na Koome akawa akimwona mara moja moja tu. Bado aliitwa Mama Lynn. Bado lilimchoma, lakini chini chini.

Hadi asubuhi ile ya kuchuma. Wachuka alikuwa jikoni. Sauti ya mumewe ikatoka shambani, kubwa, safi, bila kusita:

"Wachuka! Lete kikapu!"

Alibaki amesimama. Aligeuka kuona kama kuna mgeni. Akatoka nje polepole, kikapu mkononi. "Umeniita nani?"

"Wachuka," Kingori alisema, akishangaa. "Weka hapo."

Usiniulize furaha ile ilikuwaje. Mwanamke wa umri wake alichuma kahawa asubuhi nzima akiimba pambio. Kule sokoni aliongezea wateja nduma bila kuombwa. "Ameniita!" alimwambia Magdaline.

"Amekuita nani?"

"Wachuka!"

"Na wewe si ni Wachuka?"

"Nyamaza, hutaelewa." Moyoni alikuwa akisema na mtu mwingine kabisa. Umeona? Nimekushinda. Imechukua maisha yangu yote, lakini nimekushinda. Aliringa na ushindi wake siku zilizofuata, na kila alipoitwa, na sasa aliitwa mara nyingi, alichelewa makusudi kuitika ili aitwe tena.

Jumapili akaja Gatimu, ndugu yake Ngendo, mzee mwenyewe sasa, kuwajulia hali. Walikuwa wamekaa sebuleni, vikombe mikononi, Kingori akaita kuelekea jikoni, "Wachuka! Ongeza chai!"

Gatimu aliweka kikombe chini. Jina la mama yake mzazi lilikuwa limetupwa sebuleni na shemeji yake, mtu ambaye katika miaka yote hiyo alikuwa akilizunguka jina hilo kama mtu anayezunguka kaburi. Kingori hakuona kitu. Alikuwa akitafuta sukari iliyokuwa mbele yake.

Gatimu alimfuata Wachuka jikoni. Hakuonekana kukasirika. "Mama Lynn," alisema kwa sauti ya chini, "huyu si Kingori tunamjua. Ameanza lini?"

Wachuka alishika ukingo wa meza. Maneno ya Koome yakamrudia: kitu hajawahi kufanya maisha yake yote. Akakumbuka pia kwamba Lynn alikuwa amepiga simu wiki ile na baba yake akamwita Lynn, hivi hivi tu, si maitu. Alikuwa ameyasikia yote. Alikuwa ameyafurahia.

Koome sasa alikuwa na mvi chache pembeni, lakini kidevu kilikuwa bado kinaenda kwenye ngumi. Kingori aliingia akiwa mchangamfu, akamsalimia vizuri. Huzuni ilikuwa imeondoka, mtu yeyote angeona. Mwezi aliukosa, akacheka. Siku aliipata.

"Na huyu mama, guka? Jina yake?"

"Wachuka," Kingori alijibu papo hapo.

Uso wa daktari uling'aa. "Vizuri sana! Unajua siku ile ya kwanza hii ndiyo ilikushinda?" Akainamia karatasi na kalamu yake.

Wachuka alimtazama mumewe, aliyekuwa akitabasamu kwa kusifiwa. Alilitaka jina lile kutoka mdomo ule kuliko alivyotaka kitu chochote, na angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza siku ile, akabaki nalo. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa daktari kabla kalamu haijagusa karatasi.

"Daktari, ngoja. Wachuka ni jina ya mama mkwe wake. Mama ya mke wake, Ngendo." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina la Ngendo, na lilitoka bila shida yoyote. "Maisha yake yote hajawahi kuitaja hiyo jina. Andika hapo amekosa."